Kabla Maharage Hayajaiva

Skola mwanangu,

Salamu leo hazina kazi. Tumeamka nyumba moja, uji tumeunywa kutoka sufuria moja, na viatu vyako vya safari viko hapa miguuni pangu, rangi inakauka. Nikianza na "natumaini u mzima" utacheka. Napenda sana ukicheka, ila barua hii nataka uisome bila kucheka.

Utakapoifungua nitakuwa nimeshashuka. Hilo hulijui bado. Unachojua ni kwamba kesho alfajiri nitakusindikiza stendi uende chuoni, nikupungie mkono, nirudi zangu Chanji kufagia uwanja. Lakini nimekata tiketi mbili za basi moja, yako ya Mbeya na yangu ya kuishia njiani, Kaengesa. Bahasha nitakupa basi likishasimama hapo, nikiwa nimeshika mlango, maana nikikupa mapema utaniuliza maswali na mimi nitaishia kukudanganya. Wiki hii nimekudanganya vya kutosha.

Habari za sweta, za sabuni na za kutokula ovyo vya stendini umeshaambiwa mpaka masikio yameota sugu. Baba yako naye ameongeza za kwake, na wewe umeitikia "sawa baba" huku unaangalia dari. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na mmoja. Baba yako hajui. Padre hajui, yeye nilikuwa nampelekea vidhambi vidogo vidogo ili hili lisipate upenyo wa kutoka.

Sasa hivi umekwenda Majengo kuwaaga wenzako. Upepo wa kipupwe unatikisa bati, jua lipo lakini halina joto, na vumbi la barabarani linapita mbele ya dirisha taratibu kana kwamba lina mahali linakwenda. Mchana kama huu mimi huwa sijui vizuri kama nimelala au niko macho. Nimeivuta taipureta kutoka chini ya kitanda na kuifuta kwa kanga. Herufi ya R bado inaruka juu ya wenzake, utaiona mwenyewe. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa unasema hiyo R inachungulia dirishani.

Unakumbuka Jumanne ulivyorudi kutoka kwenye intaneti? Uliingia mbio, karatasi mkononi, hata "shikamoo" uliitolea mlangoni. "Mama! Tumekuwa maarufu!" Yule rafiki yako aliyetangulia Morogoro alikuwa amekutumia barua pepe, nawe ukaitoa kwenye mashine uje unionyeshe. Ukanisomea umesimama palepale kwenye kizingiti. Barua imezunguka nchi nyingi, usiikate, itume kwa watu kumi, aliyeituma alipata kazi benki, aliyeipuuza alipata ajali. Halafu ukainua kidole, ukapandisha sauti: "Mama mmoja wa Sumbawanga aliitia motoni barua hii akipika maharage, na kabla maharage hayajaiva watoto wake watatu wakapigwa na radi."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Radi tena! Hawa watu wa huko wanafikiri sisi radi tunaifuga bandani?" Mimi nikakuambia upuuzi mtupu, hebu kalete maji. Ulidhani nimekasirikia ndoo tupu. Ulipotoka nilikwenda nyuma ya nyumba nikaushika ukuta, Skola.

Hayo maharage ni yangu. Maneno hayo niliyatunga mimi, kwa mashine hiihii niliyopigia barua unayoisoma. Watoto watatu si wangu, na radi si yangu. Mimi niliandika mtoto mmoja tu, tena sikusema alikufa kwa nini. Mengine wameyaongeza njiani.

Nikueleze ilivyokuwa. Ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa mpiga chapa kwenye shirika la umma, na wakati ule mashirika yalikuwa yanauzwa na watu wanapunguzwa. Barua za kupunguzwa kazi zilipigwa chapa na nani? Na mimi. Nilipiga ya mhasibu, ya dereva, ya mlinzi, na siku ya mwisho meneja akaniletea rasimu ya kwangu akiwa ameangalia pembeni. Niliipiga bila kosa hata moja. Niliondoka na taipureta hii, kwa sababu hata yenyewe walikuwa hawaihitaji tena.

Nikapata sehemu Majengo, barazani kwa muuza mitumba. Enzi zile kila mtu alikuwa anauza kitu. Redio kutoka sijui wapi, viatu vya mguu mmoja mmoja unatafutia mwenzake kwenye lundo, mafuta ya kujipaka yenye picha za wanawake weupe. Mimi nilikuwa nauza maneno: maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, barua za posa. Halafu ikaja hiyo barua.

Aliileta mama mmoja baada ya misa, ameikunja ndani ya kitabu cha nyimbo kama kitu kilichoibiwa. Ilikuwa imetoka kwa mmisionari wa nchi isiyotajwa. Unatakiwa utengeneze nakala ishirini na nne, uzigawe ndani ya siku saba, bila kuandika jina lako. Ukifanya hivyo heri itabisha hodi, usipofanya, ole wako. Nikampigia. Wiki iliyofuata wale aliowagawia wakaja, kila mmoja naye anataka ishirini na nne zake. Loo! Nilikuwa nabana karatasi tano kwa mkupuo, na kaboni katikati, nagonga herufi kwa nguvu mpaka kidole cha shahada kikavimba. Nakala ya tano ilikuwa haitoki vizuri, na watu walikuwa wanaikataa. "Hii imefifia, dada, si itaniletea bahati iliyofifia?" Basi hizo za tano nilikuwa nafungia karanga.

Sasa, ile barua ilikuwa na mifano ya watu walioipuuza, lakini wote walikuwa wa mbali. Jenerali fulani, tajiri fulani wa ng'ambo. Mchana mmoja kama huu wa leo, upepo hivihivi, nilikuwa napiga huku sufuria ya maharage ikichemka kwenye jiko la mkaa pembeni yangu. Nikafika kwa jenerali nikaona chini yake pana nafasi ya mistari miwili. Usingizi ulikuwa unanijia na kuondoka. Sikukaa nikapanga kitu. Vidole vilikwenda vyenyewe: mama mmoja wa Sumbawanga aliitia motoni barua hii akipika maharage, na kabla maharage hayajaiva alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee.

Nilisoma nikatabasamu. Nakuambia ukweli, nilifurahi. Niliona mji wetu umeingia kwenye barua inayozunguka dunia, umekaa mstari mmoja na jenerali. Na wateja waliipenda. Walipofika pale walikuwa wanasema, "Basi nipigie thelathini kabisa."

Sasa nikuambie habari za Kabula.

Wewe unamkumbuka kama ndoto, uliwahi kuniuliza juu ya mama mrefu aliyekuwa anakubeba mgongoni pamoja na mtoto mwingine, mmoja nyuma na mmoja mbele. Ndiye huyo. Msukuma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mumewe alikuwa na ng'ombe huko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, akipanda huku juu mara moja kwa mwezi. Mtoto wa mbele alikuwa Masanja, mwanawe wa pekee, mdogo wako kwa miaka mitatu. Ulikuwa unamfundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda.

Mimi na Kabula tulikodi kipande cha shamba tukalima kwa mtindo wetu wa Kifipa, yale matuta ya duara tunayoita ntumba, majani yakifunikwa chini ya udongo yaoze yawe mbolea. Siku ya kwanza alisimama na jembe akanishangaa. "Mayu wee! Kwetu wanazikwa watu, ninyi mnazika nyasi?" Alikuwa na utani huyo, we acha tu. Lakini aliinama akazika, na mwaka ule tulivuna maharage mpaka tukaazima magunia. Alijifunza hata kusalimia kama sisi, kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu mbele ya wakubwa, ingawa magoti yalikuwa yanamsumbua, akawa anainuka kwa kushika ukuta.

Kusoma hakujua. Barua zake zote nilikuwa namsomea mimi. Kwa hiyo jioni moja alipokuta karatasi imesukumwa chini ya mlango, alikuja nayo moja kwa moja kwangu. Nikaifungua, nikaona R zinaruka. Ilikuwa ya kwangu, imezunguka mji ikarudi mlango wa pili. Nilicheka sana. Akaniuliza, "Inasemaje?" Nikamwambia, "Upuuzi, Kabula. Inataka uandikie watu uwagawie, eti bahati. Kawashie moto." Sikumsomea. Sikumwambia kwamba mle ndani kuna mama wa Sumbawanga, wala kwamba huyo mama nimemtunga mimi. Niliona aibu kidogo, angenitania mwezi mzima. Akaenda akawashia moto. Maharage aliyopika usiku ule tulikula wote, wewe na Masanja mkigombania ukoko.

Baada ya siku chache baba yake alikuja akamchukua Masanja akaone ndama bondeni. Alirudi na homa. Bondeni kuna mbu, Skola, huku juu baridi inawazuia, na mtoto aliyekulia baridini akishuka kule damu yake haijawazoea. Kila mama wa Ufipa analijua hilo. Kabula alimbeba hospitali mwenyewe, wakamtundikia maji, na siku ya pili asubuhi, jikoni kwa Kabula sufuria ikiwa motoni kwa ajili ya chakula cha kumpelekea, Masanja akafariki.

Ilikuwa sufuria ya nini? Maharage. Nani Chanji nzima asubuhi ile alikuwa hana maharage motoni? Lakini msibani kulikuwa na mtu mwenye ile barua. Nilisikia inasomwa nje, kwa sauti ya chini, upande wa wanaume. Halafu ikaja ndani upande wetu, kutoka mkono hadi mkono. "Aliichoma, wallahi, mimi nilimwona anawashia moto." "Barua imemtaja." "Mwanawe wa pekee, si ndiye?" Na bibi mmoja akafunga mjadala: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hakuna aliyeuliza barua ilipigwa chapa lini. Hakuna aliyejiuliza iliwezaje kumtangaza mfiwa kabla ya msiba. Hilo ndilo lililowatisha zaidi.

Na mimi? Mimi ndiye niliyetishika kuliko wote. Hapa ndipo ninapotaka unisome polepole.

Ungefikiri mtu aliyeitunga angesimama akasema jamani, acheni, ni mkono wangu. Nilikaa kwenye mkeka naviangalia vidole vyangu. Niliona vimeua. Niliandika mtoto wa pekee, akafa mtoto wa pekee. Niliandika maharage, yakawa maharage. Uongo wangu mwenyewe ulikuwa umezunguka mji ukanirudia umevaa nguo za watu wengine, na mimi sikuutambua tena, nikauamkia shikamoo. Siku zile nilikuwa naota mashine inagonga yenyewe chumbani, tak, tak, tak, na Masanja amesimama katikati ya ntumba, nyasi zote zimefukuka, ananiuliza kwa adabu kabisa, "Mama Skola, unaandika nini sasa?" Nilikuwa naamka nahesabu pumzi zako.

Arobaini ilipopita Kabula akaja na nakala nyingine. Hakujua kusoma lakini alijua kuikunja vizuri. Akakaa pale kwenye kile kigoda chako. "Nisomee," akasema. "Watu wanasema nimo humu."

Nikamsomea. Safari hii nikasoma yote, mmisionari, jenerali, tajiri, mpaka kwenye maharage. Sauti yangu haikutetemeka, nilikuwa mpiga chapa mzuri. Alisikiliza macho yamefumbwa. Halafu akaniuliza, "Ni mimi?"

Skola, nilikuwa na neno moja tu la kusema. "Hapana" ingetosha. Hata kama nisingesema ni mimi niliyeandika, "hapana" peke yake ingemshika mkono. Nikasema, "Sijui."

Akaitikia kwa kichwa, pole pole, kama mtu aliyeambiwa bei akaona haiwezi. Akanishukuru. Tena alichuchumaa, akapiga makofi mara tatu, vilevile nilivyomfundisha, kunishukuru kwa kumsomea. Akashika ukuta akainuka.

Mumewe aliisikia hiyo habari huko huko bondeni. Hakuja kugomba. Alituma mtu tu aseme kwamba Kabula asishuke tena. Mtaani nako wanawake wakaacha kumwomba moto na kumwazima kinu, wanawafunika watoto wao akipita. Siku moja nikasikia kimya upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amekwenda Kaengesa, wakampokea kwenye mashamba ya misheni, na ndiko aliko mpaka leo. Uliniuliza mama mrefu yuko wapi. Nilikuambia amerudi kwao. Huo ulikuwa uongo wa pili, na nimeuvisha nguo na kuulisha hadi wewe umekuwa mkubwa.

Niliacha kupiga zile barua, lakini nani alinihitaji tena? Mashine za fotokopi zilikuwa zimefika Majengo, zinatema nakala mia kabla sijabana kaboni. Mara moja tu nilijaribu. Mteja mmoja alikuwa anaisoma barazani, nikamwambia, kaka, huyo mama wa maharage hayupo, ni mtu katunga tu. Alinikoromea! "Wewe unajua nini? Shemeji yangu alikuwepo kwenye mazishi." Na kweli alikuwepo. Nitasema nini na shahidi yupo?

Nimewaza sana kwa nini ule mstari ulimwenea Kabula vile, na jibu nililolipata ni la jikoni. Niliandika vitu ambavyo kila nyumba ya hapa inavyo: moto, maharage, mtoto. Lile vazi lilikuwa limeshonwa pana. Asingefiwa Kabula angefiwa mwingine, na watu wangesema ndiye. Ila hilo nimelijua kwa kichwa tu. Moyo umechukua miaka. Hata Jumanne ulipotaja watoto watatu nilishika ukuta.

Na kitu kingine, usinikasirikie. Juzi nikipanga nguo zako niliona daftari lako limefunguka kwa nyuma. Umeandika majina kumi, umeyawekea namba, na kila moja lina alama ya vema. Kwa hiyo ulicheka hapa, halafu ukarudi Majengo ukaituma. Sikukucheka. Nilikaa kitandani kwako nikalia. Unakwenda safari ndefu, hujawahi kulala nje ya Rukwa, ukaona afadhali ujikinge. Hata mimi niliyeitunga niliiogopa, sembuse wewe uliyeipokea? Lakini mmoja wa hao kumi ana mama yake mahali, anapika kitu.

Huko chuoni watakuuliza. Ukisema tu umetoka Sumbawanga, kitu cha kwanza ni ungo, cha pili ni radi, nani anaiuza na ana bei gani. Mimi nilipokwenda Tabora kozi ya upigaji chapa, nikiwa na umri wako, niliona raha. Wasichana walinizunguka, mabinti wa mjini hasa, nikawapa walichokitaka. Nikawaambia mjomba wangu akitaka kwenda Mpanda halipi nauli. Walipiga kelele, wakanipenda jioni ile nzima. Kesho yake nikakuta kitanda cha jirani yangu kimehamishwa. Miezi sita hakuna aliyeniazima hata kijiko, na akiugua mtu tumbo wote walikuwa wananiangalia mimi. Sisi wa huku tuna ugonjwa huo: wenzetu wanatutupia hadithi, nasi badala ya kuirudisha tunaitia chumvi ili tupendwe. Nilitakiwa nijifunze Tabora. Sikujifunza, na chumvi hiyohiyo nikaja kuitia kwenye maisha ya Kabula.

Sikuambii usicheke na watu. Cheka, wewe kimya hukiwezi. Ila ikikufikia hadithi yenye mama ndani yake, asiye na jina, wa mahali fulani, kumbuka kwamba mimi namjua mmoja. Ana miguu mirefu na magoti mabaya.

Sasa kwa nini kesho, na si miaka yote iliyopita? Nilikuwa nimejiambia yameshapita, barua imekufa, Kabula amesahau. Jumanne wewe ukaniletea barua iko hai, imenenepa, ina watoto watatu. Na Alhamisi sokoni, mama mmoja wa Kaengesa anayeuza mbegu aliniambia kitu bila hata mimi kumuuliza. Nilikuwa nachagua maharage. Akasema, "Kule kwetu kuna Msukuma mmoja wa misheni, mchapakazi kweli, lakini maharage hali wala hapiki. Akipewa kwenye posho anagawa yote. Miaka yote hiyo! Tunamwambia, mama, Ufipa hii bila maharage utaishije?"

Miaka kumi na mmoja, Skola. Kwenye nchi hii, ambako mtoto akiacha ziwa anaanza na mchuzi wa maharage.

Nilipofika nyumbani nikahesabu noti za safari yako mara mbili, nikatoa nauli ya mpaka Kaengesa, nikamwambia baba yako nakwenda kutafuta mbegu. Nitamwambia ukweli nikirudi. Ninaogopa, mwanangu. Naogopa kuliko siku niliyokuzaa. Anaweza kunifukuza, na atakuwa na haki. Anaweza asinielewe, akaniambia aliyeandika ni Mungu, mimi ni mashine tu, na hilo naliogopa zaidi. Nimejaribu kupanga maneno tangu asubuhi na nimepata mawili. La kwanza ni "hapana," kwa sababu aliniuliza swali na bado sijamjibu. La pili ni "mimi."

Nitachuchumaa mimi kwanza. Nitapiga makofi mpaka anyanyue uso. Kwenye kile kikapu utakachoniona nimekipakata, ukafikiri ni chakula chako cha njiani, mna kilo mbili za maharage ya njano, yale ya mbegu tuliyolima mimi na yeye. Sijui kama nitathubutu kuyatoa.

Nasikia sauti yako barabarani, unabishana na mtu na unacheka. Basi naikunja. Hii nimeipiga bila kaboni, nakala ni hiyo moja uliyoshika, na huna haja ya kumtumia mtu. Wale kumi waandikie upya, waambie mama wa Sumbawanga ametungwa na mama yako. Hawataamini. Waandikie hivyohivyo.

Jumapili ukinipigia kwenye simu ya pale dukani, najua utataka kuuliza kama amenisamehe. Usianzie hapo. Niulize kwanza kama tulipika.

Mama yako,
anayekupenda kuliko anavyojua kusema